Matawi ya Jana Barabarani Nanganga

Msafiri atokaye pwani ya kusini, akishaiacha njia panda ya Mnazi Mmoja na kuelekea Masasi, hufuata bonde la mto Lukuledi, na mkono wake wa kushoto uwanda wa juu wa Makonde husimama kama ukuta wa kijani. Nanganga imo katika njia hiyo, kabla ya kufika Ndanda. Na hapo ndipo inapojitenga barabara iendayo Ruangwa, yenye urefu unaozidi kilomita 50. Ni mahali pa malori na mabasi, pa bodaboda na mbuzi, pa baiskeli zilizobebeshwa magunia. Na katika miezi ya mavuno ni njia ya korosho ziteremkazo kwenda bandari ya Mtwara.

Katika safari yangu ya huko nilishuhudia jambo dogo ambalo ndilo lililozaa makala haya. Tulipokuwa tunaikaribia kona moja, tuliona matawi ya miti yamelazwa barabarani, moja baada ya jingine, kwa nafasi ya hatua kumi kumi. Kila dereva wa Afrika ya Mashariki anaijua maana yake: mbele kuna gari limeharibika, punguza mwendo. Nilitazamia kwamba dereva wetu angekanyaga breki. Hakufanya hivyo. "Matawi ya jana hayo, mzee," alisema. "Lori limekwishaondoka, ila wenyewe hawakuyaokota." Na kweli, mbele hapakuwa na kitu. Nikamwuliza, je, kama lingalikuwapo? Alinyamaza kidogo, kisha akanijibu kama wajibuvyo wengi wetu: "Ajali haina kinga."

Msemo huo tumeurithi, na mtu aliyefiwa hupata faraja ndani yake. Lakini kwa mtu mwenye dhamana ya barabara, ya bandari au ya masafa ya redio, msemo huo ni kichaka cha kujifichia. Sisi wa visiwani hatuhitaji kufundishwa uchungu wa ajali. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama baina ya Unguja na Pemba ikiwa imepakia watu kupita kiasi chake, tulijua sote kwamba kinga ilikuwapo, ila haikutumika. Ndiyo sababu nawaomba wasomaji, na hasa ndugu zetu walio katika ofisi za Serikali, wanivumilie niyatumie matawi ya Nanganga kueleza jambo linaloonekana kuwa la mbali sana na Nanganga: magari yanayosemezana yenyewe kwa redio, na namna ya kuyapima kabla hayajatufikia.

Kusemezana kwa vyombo si jambo geni. Honi inayopigwa kabla ya kuingia kona ni ujumbe. Taa zinazowashwa na kuzimwa mchana ni ujumbe. Matawi nayo ni ujumbe, na ni ujumbe mzuri, maana unamfikia dereva kabla jicho lake halijaiona hatari. Upungufu wake ni mmoja: tawi halisemi liliwekwa lini. Tawi la leo na tawi la jana yana sura moja. Na dereva aliyedanganywa na matawi ya jana mara tatu, mara ya nne hatayasadiki ya leo. Hapo ujumbe unakuwa mbaya kuliko ukimya.

Baharini somo hili limejulikana zamani. Meli ya Titanic ilipozama mwezi wa Aprili 1912 ilikuwa na simu ya upepo, na meli ya Californian iliyokuwa karibu nayo ilikuwa nayo pia. Lakini mtumishi wa simu wa Californian alikuwa amekwishalala. Chombo kilikuwapo, utaratibu haukuwapo. Mataifa yalikutana London, na mwezi wa Januari 1914 yakatia saini mkataba wa usalama wa watu baharini, uliotaka simu ya upepo isikilizwe wakati wote. Miaka tisini baadaye, kufikia mwisho wa mwaka 2004, mkataba uliorithi ule ulizitaka meli zote za abiria, na meli za mizigo za ukubwa uliotajwa, ziwe na mtambo unaotangaza wenyewe jina la chombo, mahali kilipo, mwendo wake na uelekeo wake. Na ili meli zisipayuke zote kwa pamoja, kila dakika moja imegawanywa vipande 2,250 katika kila mkondo wa redio, na kila chombo hutangulia kueleza ni kipande gani kitakachotumia baadaye. Nahodha aingiaye Malindi usiku anaziona meli asizoweza kuziona kwa macho.

Magari yasemezanayo ni wazo hilohilo lililopandishwa nchi kavu. Kila gari hutangaza hewani, mara 10 kwa sekunde, mahali lilipo, mwendo wake, na kama limekanyaga breki. Gari la jirani husikia, hupiga hesabu, na humwonya dereva. Au, ikiwa ni gari lijiendeshalo lenyewe, hushika breki bila ya kumwuliza mtu. Masafa yaliyotengwa kwa kazi hiyo katika nchi nyingi ni yale ya gigahezi 5.9. Kila ujumbe hubeba saa yake, na ukichakaa hutupwa. Kwa lugha ya Nanganga, ni tawi linalojiokota lenyewe.

Je, faida yake ni nini? Tufanye hesabu ya darasani. Lori liendalo kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kwa kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu kabla mguu haujafika kwenye breki. Hizo ni mita 33 zimekwenda. Juu ya lami kavu gari huhitaji mita nyingine 36 hivi ili lisimame. Juu ya changarawe huhitaji zaidi ya mita 60. Jumla ni mita 70 katika hali njema, na karibu mita 100 katika hali mbaya, kabla ya kuhesabu mzigo na mteremko. Kona isiyoonyesha mita 100 mbele ni kona inayomtaka dereva aamini asichokiona. Redio inayovuka kona hiyo humrudishia mita alizonyimwa na kilima.

Lakini je, redio huvuka kona? Hapa ndipo penye swali lenyewe, na hapa ndipo panapohitajika majaribio. Wimbi la gigahezi 5.9 lina urefu wa sentimita tano tu. Mawimbi mafupi namna hiyo hupenda njia iliyonyoka. Majani huyatawanya, kilima huyazuia, ukuta huyarudisha. Mahali pa wazi husikika kwa mita mia kadhaa, lakini si lazima yasikike hivyo katika mpando wa kutoka Masasi kwenda Newala, ambako barabara hujikunja kwenye ubavu wa uwanda. Kuna na hila nyingine. Magari mawili yaliyo pande mbili za kilima hayasikiani, hivyo kila moja hudhani hewa ni tupu na husema. La tatu lililo kileleni husikia sauti mbili zilizogongana, na haliambulii neno. Gari lililohitaji kuonywa kuliko yote ndilo lililozibwa masikio.

Mtu atasema: basi na tuyalete magari tuyajaribu. Hilo haliwezekani, wala si halali. Ili kujua kama mtambo huokoa maisha mara 999 kati ya 1,000, ni lazima kuutia hatarini maelfu ya mara, kwa mvua na kwa jua, mchana na usiku, lori likiwa tupu na likiwa limejaa. Hakuna nchi inayoweza kugonganisha magari maelfu kwa ajili ya elimu. Ndiyo maana wataalamu hutumia uigaji: barabara yote, pamoja na magari yake na mawimbi yake, hujengwa ndani ya kompyuta, na ajali hutokea humo bila ya damu.

Uigaji huo kwa kawaida ni wa sehemu tatu zilizounganishwa. Sehemu ya kwanza huiga mwendo wa magari barabarani. Programu ijulikanayo kwa jina la SUMO, iliyoanzishwa na Kituo cha Anga cha Ujerumani, hufanya kazi hiyo, nayo hutolewa bure. Sehemu ya pili huiga redio: nani kasema, nani kasikia, ujumbe upi umepotea, ziko programu kama ns-3 na OMNeT++. Sehemu ya tatu huiga gari lenyewe, kamera zake na maamuzi yake. Zikiunganishwa, gari la kompyuta likikosa ujumbe mmoja katika sehemu ya pili, huchelewa kushika breki katika sehemu ya tatu, na matokeo huonekana katika sehemu ya kwanza. Hapo mhandisi huweza kuuliza: tukiweka mlingoti mmoja kileleni, je, kona itasikika? Huupata jibu kwa siku moja, bila ya kuchimba shimo.

Hata hivyo, uigaji ni kama kinyago: huonyesha kile alichokichonga fundi, na alichokisahau hakimo. Mwezi wa Machi 2018, katika mji wa Tempe, Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Uchunguzi wa Serikali ya nchi hiyo ulionyesha kwamba mtambo ulimwona kwa sekunde kadhaa kabla ya kumfikia, lakini ulibadilishabadilisha mawazo kama ni kitu, gari au baiskeli. Wala haukutengenezwa kumtarajia mtu avukaye mahali pasipo kivuko. Msomaji na atafakari. Mtu asukumaye baiskeli, pasipo kivuko, jioni: kwa waliouchora mtambo ule alikuwa jambo geni, kwa Nanganga ndiye raia wa kila siku. Mwigo wa kawaida hudhani kila chombo kinashika mstari wake, na kila mtumia barabara ni gari. Mwigo wa namna hiyo ukiletwa kusini utatupatia jibu safi la swali lisilotuhusu.

Liko na jambo la hesabu. Tuseme kati ya magari kumi yapitayo Nanganga ni moja tu lenye redio ya kusemezana. Magari mawili yakikutana kwenye kona, nafasi ya yote mawili kuwa nayo ni 1 kati ya 100. Yakiwa matatu kati ya kumi, nafasi ni 9 kati ya 100. Hata nusu ya magari yote ikiwa nayo, ni makutano 25 tu kati ya 100 yatakayofaidika. Kwa hiyo kosa kubwa lingekuwa kumwambia dereva kwamba barabara sasa ina ulinzi, naye akaacha kupiga honi. Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao. Katika miji mikubwa shida ni kinyume chake. Ujumbe mmoja hukaa hewani kiasi cha nusu ya elfu moja ya sekunde. Magari 100 yakisema mara 10 kila moja, nusu ya muda wa mkondo umekwishaliwa. Yakiwa 200 hewa imejaa, na maneno yanagongana. Hivyo kipimo kilichofaulu Nanganga si lazima kifaulu Dar es Salaam, na kilichofaulu Dar es Salaam hakina hakika ya kufaulu katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambako kuta nene za mawe ya matumbawe huimeza redio kwenye kila pembe.

Najua liko swali linalomkereketa msomaji: je, haya si anasa? Uwanda wa Makonde umehangaikia maji miaka mingi, yakipandishwa kwa mitambo kutoka bondeni. Iweje tuzungumze habari za magari yajiendeshayo? Swali ni la haki, na jibu langu ni kwamba vyombo hivi havisubiri tuviite. Mabasi yaendayo mikoani yamefungwa vyombo vinavyoarifu mwendo wao kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, kupitia mitandao ya simu. Mwaka 2018 ndege ndogo isiyo na rubani ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, kilomita 60 kwa dakika 40. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024 imejengewa mfumo ambao ruhusa ya kusonga mbele humfikia dereva kwa redio. Nayo barabara ya kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Newala hadi Masasi imepangiwa lami kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Barabara hujengwa kwa ajili ya miongo ya miaka. Anayeichora leo anamchorea dereva wa kesho.

Tena kuna jambo moja ambalo limekwishaingia bandarini, nalo linatuhusu sisi wa visiwani kuliko wengine. Katika gari lililonipeleka Nanganga, redio ya muziki iliishia namba 90, na stesheni nyingi hazikupatikana. Kila mwenye gari lililotumika Japani anaijua shida hiyo: mkanda wa redio wa Wajapani huanza megahezi 76, wakati stesheni zetu hupanda hadi 108. Huo ni usumbufu wa nyimbo tu. Lakini tangu mwaka 2015 kampuni ya Toyota imekuwa ikiuza Japani baadhi ya magari yasemezanayo kwa masafa ya megahezi 760. Masafa hayo yana wimbi la sentimita 39, ambalo hupinda kwenye vilima na kupenya majani vyema kuliko lile la sentimita tano. Yangeufaa sana mpando wa Newala. Ila katika mpango wa masafa wa kanda yetu ya Afrika na Ulaya, megahezi 758 hadi 788 zimetengewa minara ya simu za mkononi. Gari la namna hiyo likifika hapa na redio yake ikiwa wazi, litazungumza katikati ya mazungumzo ya watu wengine, na wala halitasikilizwa. Je, litaleta madhara? Litanyamazishwa na nani, na kwa chombo gani? Haya ni maswali ambayo uigaji unaweza kuyajibu, na majibu yake ni rahisi zaidi kabla magari hayajawa maelfu.

Wala tusidhani kwamba wakubwa hawakosei. Marekani ilitenga megahezi 75 kwa ajili ya magari yasemezanayo mwaka 1999. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, mwezi wa Novemba 2020, mamlaka yake iliamua kuyabakiza megahezi 30 tu, na kuhamia katika aina nyingine ya redio iliyotokana na simu za mkononi. Waliokwishanunua mitambo ya aina ya kwanza walibaki na vyuma. Nchi yenye mfuko mpana huweza kulimeza kosa kama hilo. Sisi hatuwezi.

Tufanye nini, basi? Nadhani mambo manne yanawezekana bila ya kusubiri mfadhili. La kwanza, Mamlaka ya Mawasiliano ichunguze kwa uigaji suala la magari ya Japani na masafa ya simu, na kuwapa maofisa wa bandari utaratibu wa maandishi. La pili, vyuo vyetu, cha Dar es Salaam na cha Taifa cha Zanzibar, vijenge mwigo wa barabara ya Nanganga, Masasi na Newala. Vipimo vya urefu wa ardhi vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi wa Februari 2000 hupatikana bure, na Unguja na Pemba zimekwishapigwa picha kwa ndege zisizo na rubani tangu mwaka 2016. La tatu, mwigo huo upimwe na ukweli: magari mawili yenye redio yapande na kuteremka mpando wa Newala, na idadi ya ujumbe uliopotea ilinganishwe na ile iliyotabiriwa na kompyuta. Zikipishana, kompyuta ndiyo inayosahihishwa, si kilima. La nne, ndani ya mwigo awemo msukuma baiskeli, awemo mbuzi, iwemo bodaboda isiyo na taa. Mwigo usio na watu hao na usipewe muhuri wa Serikali.

Ofisi zetu nazo zina kona zao. Mawasiliano ni jambo la Muungano. Barabara si jambo la Muungano. Mwenye masafa yuko ofisi moja, mwenye lami yuko ofisi nyingine, na mwenye gari yuko bandarini. Wasiposemezana wao, yatasemezanaje magari? Mkutano mmoja wa siku mbili ungetosha kuanza, nao hauhitaji mitambo wala masafa.

Tulipokuwa tunarudi siku ya pili, nilimwomba dereva asimame pale kwenye kona. Tulishuka, tukayaokota yale matawi, tukayatupa kando ya barabara. Kazi ilituchukua dakika tatu. Dereva alicheka, akasema kwamba kesho lori jingine litakwama, na wengine watakata matawi mapya. Ni kweli. Lakini atakayeyaona hayo mapya, walau katika kona ile, atajua kuwa ni ya siku hiyo.